Shangazi Kaja

Mimi napenda mabegi. Najua neno hilo linasikikaje kambini, mahali ambapo watu wanahesabu siku za posho na wewe unawaletea habari za zipu na mishono. Wenzangu wa kituo cha vijana wameshanizoea. Mgeni akishuka kwenye gari, wao wanamwangalia usoni, mimi naangalia amebeba nini: mkanda umeshonwa mara ngapi, pembe zimewekewa nini zisichubuke, mfuniko unafungwaje. Rafiki yangu mmoja anasema siku nikiibiwa, polisi wakiniuliza mwizi alikuwaje, nitawaeleza rangi ya uzi wa begi lake.

Basi wacheke. Mimi nafanya kazi na vijana, na kazi yenyewe ni cherehani nne, meza moja ya kukatia, na wasichana na wavulana kumi na wanane wanaojifunza kushona. Ukikaa karibu na cherehani kwa muda mrefu, macho yanabadilika. Unaanza kuona kwamba kila kitu kilichotengenezwa kina mtu nyuma yake, na mtu huyo alimfikiria fulani atakayekitumia. Mara nyingi unaona pia nani hakufikiriwa kabisa.

Tazama mifuko ya hapa Nyarugusu. Ingia nyumba yoyote utaikuta imening'inia ukutani au imesukumwa chini ya kitanda. Kuna furushi, yaani kitenge kilichofungwa fundo, begi la kwanza la kila mtu aliyekimbia usiku. Kuna kiroba kilichokuwa na unga, sasa kina nguo za watoto. Kuna begi la bluu la mgongoni la UNICEF, ambalo mtoto alilipokea akiwa darasa la kwanza na baba yake bado analibebea mbegu. Kuna lile begi kubwa la drafti, jekundu na bluu au jeusi na jeupe, lenye zipu juu na mikanda miwili. Halafu kuna mfuko mmoja mweupe wa plastiki wenye herufi tatu za bluu. Huo una mambo yake, nitaufikia.

Nianze na anasa, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Miaka michache iliyopita mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake, akatuachia katoni la magazeti ya zamani, mengi ya Kifaransa, ili tukate karatasi za vipimo. Nina Kifaransa cha shule, kile cha masomo yetu ya Kikongo. Vijana walikata, mimi nikasoma. Nusu ya magazeti yale ilikuwa matangazo, na matangazo mengi yalikuwa ya mabegi. Ndipo nilipokutana na jina la Louis Vuitton. Mwanzoni nilidhani ni mchezaji wa mpira.

Nilimtafuta baadaye kwenye simu, usiku, wakati bando ni nafuu. Kumbe alikuwa mtoto wa kijijini. Alizaliwa mwaka 1821 huko Anchay, milimani mashariki ya Ufaransa. Mama yake alifariki angali mdogo. Mwaka 1835, akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, aliondoka nyumbani kwa miguu kwenda Paris, safari ya zaidi ya kilomita 400. Alitembea, akafanya vibarua njiani, akatembea tena. Alifika mwaka 1837. Nilipowasimulia vijana wetu, mvulana mmoja aliuliza: “Alipita mipaka mingapi?” Nikamwambia hata mmoja. Akasema, “Aah, basi alikuwa na bahati.”

Paris alipata kazi kwa fundi wa masanduku. Zamani zile matajiri waliposafiri walimwita fundi nyumbani awafungashie nguo, na fundi alitengeneza sanduku kulingana na mzigo. Alijifunza kazi hiyo miaka mingi, akafungua duka lake mwaka 1854. Mwaka 1858 akafanya jambo ambalo mimi kama fundi nalivulia kofia. Masanduku ya wakati ule yalikuwa na mfuniko wa mviringo kama mgongo wa kobe, ili maji ya mvua yateremke. Lakini mgongo wa kobe haukubali kubebeshwa kingine juu yake. Yeye akatengeneza sanduku lenye mfuniko bapa, akalifunika kwa turubai jepesi la kijivu lisilopitisha maji. Masanduku yakaweza kupangwa moja juu ya jingine, ndani ya treni na ndani ya meli. Hakuna dhahabu wala almasi hapo. Kuna mtu aliyeangalia mzigo unavyokaa safarini akatafuta namna ya kuutuliza.

Huo ndio uzuri ninaoupenda mimi, na ndiyo maana nawaambia vijana kwamba anasa nyingi tunazoziona kwenye picha zilianza kama jibu la shida ya kawaida. Baadaye lile jibu linapandishwa bei mpaka aliyekuwa na shida yenyewe halifikii tena.

Bei haipandi peke yake. Hapo ndipo tangazo linapoingia.

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilianza kutoa matangazo ambayo, kwa akili yangu, ni ya werevu kuliko yote niliyoyaona. Hayakusema begi ni imara. Hayakutaja bei. Moja lilimwonyesha mzee Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, amekaa kiti cha nyuma cha gari, pembeni yake kuna begi, na nje ya dirisha mabaki ya ukuta wa Berlin yanapita. Mpiga picha ni Annie Leibovitz. Ukiitazama picha ile unasahau kwamba unauziwa kitu. Unamfikiria mzee, unaufikiria ukuta, unajiuliza anawaza nini. Begi limekaa kimya kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni. Lakini kesho ukiliona dukani, unaliona na mzee na ukuta na historia yote.

Tangazo jingine la mfululizo huo lilitoka mwaka 2011. Angelina Jolie yuko Kambodia, peku, amekaa ndani ya boti la mbao, amezungukwa na maji, begi lake liko begani. Wakati huo alikuwa tayari amefanya kazi na UNHCR miaka kumi kama balozi mwema. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa na maana kwamba safari moja inaweza kugeuza maisha ya mtu.

Niliisoma ile sentensi nikacheka peke yangu. Waite watu wote wa kanda yetu, uwaulize kama safari moja inaweza kugeuza maisha. Hatuhitaji kununua begi ili tulijue hilo.

Hata hivyo siwezi kusema tangazo lile lilidanganya, na nitaeleza kwa nini, ingawa kuna watu hawatapenda. Mimi nilivuka Ziwa Tanganyika nikiwa na miaka mitano, ndani ya boti la mbao, kutoka upande wa Fizi. Watu wazima walikuwa wanaomba Mungu. Mama yangu alikuwa analia bila sauti, furushi mapajani. Mimi nilikuwa na furaha. Sikuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, mawimbi yanatuinua na kutushusha, tumbo linatekenywa, na nilitaka tusifike upesi. Nimeishi na kumbukumbu hiyo miaka mingi. Wengine waliovuka wakiwa wadogo wameniambia kwamba na wao walijisikia hivyohivyo. Mwili wa mtoto haujui kwamba ni ukimbizi. Unajua tu kwamba dunia inatembea.

Kwa hiyo ule msisimko wa safari ambao matangazo yanauza ni wa kweli, na ni wa watu wote. Mtu anayepanda ndege kwenda kupumzika Zanzibar anao, na mtoto ndani ya boti la wakimbizi anao. Kinachotofautiana ni mambo mawili. Kwanza, nani aliamua tuondoke. Pili, nani anatusubiri tunakokwenda. Hayo mawili ndiyo anasa yenyewe. Begi linaonyesha tu kwamba mwenyewe anayo.

Sisi hapa tunaelewa vizuri jambo la kwanza. Ili utoke kambini unahitaji kibali. Kijana wangu mmoja alipata kibali cha kwenda kutibiwa jicho Kigoma mjini. Aliporudi hakutuambia habari za jicho. Alituambia habari za basi: viti, muziki, kona za barabara, kondakta aliyemwita “bosi”. Alisimulia saa nzima na wenzake wakamsikiliza kama wanasikiliza mechi. Safari ya kwenda hospitali! Mimi nilikaa pale nikafikiri, huyu angeandika tangazo la kampuni ya mabasi, viti visingetosha.

Sasa turudi kwenye begi la drafti, maana hapa ndipo anasa na sisi tunapokutana uso kwa uso.

Mwaka 1888 kampuni ya Vuitton ilitoa kitambaa cha miraba miwili, kahawia iliyokolea na kahawia iliyopauka, kwa sababu watu walikuwa wanaiga masanduku yao. Walikiita Damier, neno la Kifaransa la ubao wa drafti. Kinatengenezwa mpaka leo na kinauzwa kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikamharibia mtu chakula. Halafu, kwenye mitindo yao ya msimu wa joto wa mwaka 2007, mbunifu wao Marc Jacobs alifanya kichekesho. Alitengeneza begi kubwa linalofanana kabisa na lile la plastiki la miraba linaloning'inia mlangoni mwa kila duka la sokoni, akaliwekea nembo ya Vuitton. Begi letu, ndugu zangu! Begi la kubebea sufuria, likipita Paris kwenye mwanga wa kamera.

Sikukasirika nilipoiona picha. Kusema kweli nilijisikia fahari kidogo, maana begi lile limebuniwa vizuri. Kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, hakiozi upesi, hakina uzito. Likiwa tupu linakunjwa likatoshea chini ya godoro. Likijaa linameza nyumba nzima. Udhaifu wake uko sehemu mbili, zipu na mikanda, na kila aliyewahi kulibeba anajua jinsi mkanda unavyokatika pale pale unapovuka matope. Lakini kwa bei yake, hakuna mbunifu wa Ulaya aliyefanya hesabu nzuri zaidi.

Kilichonishika ni majina. Begi hili lilienea duniani kote na kila mahali watu walilibatiza. Nigeria linaitwa “Ghana Must Go”, yaani Waghana lazima waondoke, kwa sababu mwaka 1983 serikali iliamuru wageni wasio na vibali watoke nchini, na Waghana wengi walijaza vitu vyao ndani ya mabegi haya. Ujerumani kuna waliolipa jina la Waturuki, wafanyakazi waliokuja kwa mkataba na kurudi kwao likizo na mizigo. Marekani kuna wanaolitaja kwa mtaa wa Wachina. Unaona? Jina linamnyooshea mtu kidole. Linasema: yule si wa hapa, tazama alichobeba.

Na Tanzania? Tanzania linaitwa shangazi kaja.

Nililisikia jina hili nikiwa mdogo sokoni na sikulifikiria kabisa. Siku nilipojua yale majina mengine, nilisimamisha cherehani. Begi ni lilelile, jekundu na bluu, zipu ileile mbovu. Lakini aliyelibatiza huku aliliona likiwa mlangoni, sio likiwa barabarani. Aliona shangazi amefika kutoka safari, watoto wanamkimbilia, wanamnyang'anya begi kwa sababu wanajua ndani kuna pipi, kuna kanga ya mama, kuna samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Hakuona mtu anayefukuzwa. Aliona mtu anayesubiriwa. Wahenga walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa methali nzima imeingizwa kwenye begi la plastiki kwa maneno mawili.

Hakuna kampuni iliyolipwa kutunga maneno hayo. Kama mnaniuliza tangazo la werevu kuliko yote, la kushinda hata lile la mzee Gorbachev, mimi nitasema ni hilo.

Si Waswahili peke yao waliolitazama begi hili kwa jicho jema. Hong Kong, ambako limetumika miaka mingi, msanii mmoja, Stanley Wong, alilitengenezea kazi nyingi za sanaa kwa kitambaa chake chenye nyekundu, nyeupe na bluu, kuonyesha bidii ya watu wa kawaida wa mji ule. Kazi hizo zilifika maonyesho ya Venice mwaka 2005. Kwa hiyo inawezekana. Kitu cha mtu wa chini kinaweza kupandishwa hadhi bila mwenyewe kuachwa chini.

Lakini kuna njia nyingine pia, na sisi tunahusika nayo moja kwa moja. Mwaka 2018 kampuni ya mitindo ya Balenciaga ilitoa fulana na kofia zenye nembo ya WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Walikubaliana na shirika, na sehemu ya mauzo ilikwenda kununulia chakula wenye njaa. Sina ugomvi na hilo. Chakula ni chakula. Niliwaonyesha vijana picha. Msichana mmoja akajitazama, amevaa sketi aliyoishona kwa kiroba, nembo ileile iko pajani. Akauliza kwa upole, “Kaka, hii yangu ni shilingi ngapi?”

Tulicheka mpaka machozi. Swali lenyewe lakini halikuwa mzaha, na ndilo lililotukuta mwaka huo huo tulipopata oda ya kwanza.

Ilikuwa hivi. Kwa kupitia shirika linalotusimamia, mnunuzi mmoja wa kutoka nje aliyaona mabegi yetu. Tunanunua mabegi ya drafti yaliyochoka kwa majirani, tunakata sehemu nzima, tunaweka bitana ya kitenge, tunabadilisha zipu. Mikanda hatuishonei pembeni. Tunaipitisha chini ya begi, inazunguka yote na kukutana juu, ili mzigo ukae juu ya mkanda badala ya kuning'inia kwenye uzi. Mnunuzi aliyapenda. Alitaka sitini, shilingi elfu kumi na nane kila moja. Kwetu sisi hizo zilikuwa fedha za kuona kwenye ndoto.

Alikuwa na ombi moja. Kila begi liwe na lebo yenye picha ya kijana aliyelishona, neno “mkimbizi” kwa herufi kubwa, na historia fupi ya yaliyomkuta. Alisema historia ndiyo inayouza. Hakusema kwa dharau. Alikuwa mtu mzuri, alikunywa chai yetu na kuongeza kikombe cha pili. Na kwa upande wa biashara hakukosea. Tangazo linauza mtu, begi linafuata nyuma. Kama Gorbachev ana ukuta wake, na sisi tuna vita vyetu.

Tulikaa jioni mbili kujadili. Mvulana mmoja, mkubwa kuliko wote, ana mke na mtoto, alisema wazi: “Njaa haisomi lebo. Waandike wanachotaka.” Wengi walikubaliana naye, na mimi sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye mtoto. Msichana wa kile kiroba akasema: “Picha yangu ikikaa kwenye begi, siku yule mtu akilichoka begi, ananitupa na mimi.” Mama anayetufundisha kushona, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, alisema: “Mtu akinunua kwa huruma, mshono ukiachia hatarudi kulalamika, atasema maskini wamejitahidi. Mimi nataka arudi kulalamika.”

Neno la mama liliniingia. Huruma inapunguza deni la fundi. Inamwambia usijisumbue sana, sisi tutakielewa. Na kijana wa miaka kumi na tisa akishaambiwa hivyo mara kadhaa, anaanza kushona hivyo.

Kuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda, lakini ilitungwa na mtu aliyekuwa huru kufika sokoni. Kizuri kilichofungiwa nyuma ya geti hakijiuzi. Ndiyo maana tangazo tunalihitaji, tena sana, na ndiyo maana hatukumjibu mnunuzi kwamba hatutaki lebo. Tulimtengenezea lebo yetu.

Ni kipande cha kitambaa cheupe, upana wa vidole vinne. Kimedariziwa maneno mawili, Shangazi Kaja, na chini yake “Nyarugusu, Kigoma”. Nyuma kuna namba ya begi na jina la kwanza la aliyelishona, kama mwenyewe amekubali. Ndani ya begi tuliongeza mfuko mdogo uliofichwa kwenye bitana, na kikaratasi kinachoeleza kazi yake: mfuko wa pipi, kwa ajili ya watoto watakaokupokea. Hilo lilikuwa wazo la yule baba mdogo aliyesema njaa haisomi lebo. Alilitoa akiwa bado amenuna.

Mnunuzi alisoma, akanyamaza, akasema ni nzuri lakini hajui kama wateja wake wataielewa. Badala ya sitini akachukua ishirini, za kujaribia. Sitaficha kwamba mabegi arobaini yaliyobaki yalituuma. Kuna waliosema tumechezea bahati, na mpaka leo wanasema. Baba mdogo ananikumbusha kila tukikosa uzi. Mimi namwambia nimesikia, kwa sababu ana haki.

Sasa nifike kwenye ule mfuko mweupe.

Wote tunaujua. Ni plastiki ya kawaida, haina zipu, haina bitana, fundi wangu wa mwezi wa kwanza angeweza kuutengeneza nusu saa. Una herufi IOM. Ndani yake msafiri anaweka karatasi za safari na picha za eksirei, na kwenye viwanja vya ndege wafanyakazi wakiuona wanajua huyu ni nani na anahitaji kuelekezwa wapi. Majirani zetu wengi walikwenda nao Marekani na kwingineko. Hapa kambini hakuna begi linalotamaniwa kama huo. Mleteeni mtu sanduku la Vuitton na mfuko wa IOM wenye jina lake ndani, achague. Hatauliza mara mbili.

Kwa hiyo ule ndio anasa yetu, na hakuna aliyeutangaza. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi kwa mpango wao, na watu ambao kesi zao zilikuwa zimepita, waliokuwa wameshagawa sufuria na kuuza kuku, walibaki. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amefungasha shangazi kaja mbili, zimejaa, zimefungwa kamba. Wiki tatu hakuzifungua. Tukipita tunaziona mlangoni.

Siku moja wasichana wa kituo walikwenda kwake kumsaidia kufua. Hawakumuuliza chochote. Walipomaliza, mmoja akayashika yale mabegi akasema kwa sauti ya utani, “Jamani, shangazi kaja!” Watoto wa jirani wakakimbilia, wakidhani kweli kuna mgeni. Yule mama alibaki amesimama. Halafu akaketi, akafungua kamba, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuwagawia: sabuni huyu, kijiko huyu, daftari huyu. Sisemi kwamba alifurahi. Alifungua tu, na usiku ule alipika.

Nawaandikia hili ndugu zangu wa kambini, na nyinyi pia mnaofanya kazi za mashirika, ambao mnakuja na mabegi na kuondoka na mabegi. Nyinyi mkitoka likizo mnarudi na tunawapokea. Tunafurahi kweli, haijalishi mmeleta nini. Nasi tungependa tutazamwe hivyo tunapofika mahali, hata kama tumefika kwa sura ya begi tu, kwenye rafu ya duka la mbali: mtu aliyekuja na kitu mkononi.

Tuna mabegi kumi na moja tayari kituoni, na mengine yanashonwa. Ukipita, tafadhali usianze kwa kuuliza yaliyotupata. Shika mkanda kwanza, uvute kwa nguvu zako zote. Ukikatika, sema, fundi yupo atausikia. Usipokatika, kaa tunywe chai, na hadithi zitakuja zenyewe.